Vijana wangu wa barabara wameitwa korti kutoa ushahidi wa ajali, nawaandaaje?

foromani_kalvati

Habari zenu wadau. Mimi ni foromani wa kikosi cha kurekebisha barabara, manispaa moja huku magharibi, sitaitaja kwa sababu kesi bado iko mbele ya hakimu. Kuna barabara ya murram inapita kando ya soko, mvua ya masika ilikuwa imekula ukingo wote, tukachimba mtaro wa kukata barabara ili tulaze kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Kazi haikuisha siku hiyo. Jioni tukaweka koni, tepu ya rangi na matawi pande zote mbili, tukajaza udongo nusu ya upana ili magari yapite upande mmoja, tukaenda nyumbani. Usiku kama saa mbili hivi jamaa wa bodaboda akaingia kwa mtaro na abiria wake, yeye akavunjika mguu na abiria akaumia mgongo. Asubuhi tulipofika hatukukuta koni hata moja, tepu ilikuwa imekatwa, matawi ndo yalikuwa yamebaki upande wa soko tu.

Sasa manispaa imeshtakiwa na wakili wetu amesema mimi na vijana wawili ndio mashahidi. Mmoja alikuwa kibarua, kandarasi yake iliisha kitambo na saa hii anauza miwa stendi, alipopata samansi (karatasi ya kuitwa korti) alinipigia simu usiku akiuliza kama atafungwa, bibi yake analia, na mimi sina jibu la maana la kumpa. Huyo mwingine hajawahi kuingia kortini hata kusikiliza kesi ya jirani. Wakili mwenyewe tumemwona mara moja na alikuwa na haraka.

Maswali yangu ni haya. Nawaandaaje hawa watu ili wasiende kuchanganyikiwa pale mbele? Naweza kukaa nao tukakubaliana tutasema nini ndio tusipishane? Na huyu wa miwa anaweza kweli kulipishwa au kufungwa kwa sababu ya shimo? Naomba mtu anayejua anijibu kwa ukweli, hawa ni vijana wangu, niliwafundisha kazi mimi.

karani_wa_nyanza

Pole sana foromani, na pole kwa huyo jamaa wa boda na abiria wake pia. Nimekuwa karani wa ofisi ya mawakili hapa Kisumu kwa muda mrefu na kesi za ajali ndizo zinazojaza kabati zetu, wacha nianze na huyo kijana wa miwa kwa sababu ndiye hana usingizi.

Mwambie hivi leo, usingoje kesho: hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Hakuna mtu anayefungwa kwa sababu mtaro uliachwa wazi katika kesi ya namna hii, kinachotafutwa ni fidia. Na aliyeshtakiwa ni manispaa, kwa sababu mwajiri ndiye hubeba makosa ya mfanyakazi aliyoyafanya akiwa kwa kazi yake. Yeye ni shahidi tu. Kitu kimoja ndicho kinaweza kumpeleka jela hapo, nacho ni kudanganya chini ya kiapo, hiyo ni kosa la jinai na Sura ya 63 ya sheria za Kenya, ile ya makosa ya jinai, inaweka hadi miaka 7. Kitu kingine asipuuze samansi, kwa maana shahidi akiitwa na asipotokea bila sababu korti inaweza kutoa waranti akamatwe. Kwa hivyo aende na aseme ukweli.

Swali la kukaa pamoja mkakubaliana. Hapana ndugu yangu, hapana kabisa. Mnaweza kukumbushana tarehe, mnaweza kuangalia diari ya saiti na picha, mnaweza kwenda mpaka pale kwa kalvati kila mtu aone mahali alikuwa amesimama. Lakini kukubaliana maneno ndio kitu kinachoharibu kesi, na mawakili wa upande wa pili wanainusa haraka sana. Watatu mkija mkasema sentensi ile ile, "tuliweka koni 6 kwa umbali unaofaa kulingana na taratibu za usalama", hakimu atajua mara moja kwamba hayo si maneno ya mtu wa jembe. Mmoja akisema koni zilikuwa 5 na mwingine 6 hiyo haiui kesi, watu hukumbuka tofauti, na hakimu anajua hivyo.

Kila mmoja wenu atakuwa na stetimenti yake iliyoandikwa. Tangu zile kanuni za mwaka 2010 za kesi za madai, stetimenti za mashahidi huwekwa kwa faili pamoja na utetezi, hazingojei siku ya kusikilizwa. Kwa hivyo uliza sasa hivi: stetimenti za vijana ziliandikwa na nani, na wao walizisoma? Nimeona mengi hapo. Wakili anaandika kwa Kiingereza kizuri, mtu anaweka sahihi kwa boneti ya gari, alafu siku ya kesi anaulizwa neno lililo kwa ukurasa wa pili na hajui linamaanisha nini. Kila mtu asomewe stetimenti yake kwa lugha anayoielewa, polepole, na kama kuna mahali pameandikwa kitu hakukiona kwa macho yake, wakili aambiwe kabla ya siku hiyo, si mbele ya hakimu.

MtuWaMolo

Mimi naona mnamchosha bure. Waambie vijana wajibu "sikumbuki" kwa kila kitu, hiyo haina kros (maswali ya wakili wa upande wa pili). Ni zamani, nani anakumbuka?

karani_wa_nyanza

@MtuWaMolo hiyo nayo ni uongo kama anakumbuka, na kiapo alichokula ni kile kile. Tena shahidi wa kusema sikumbuki kila saa anamsaidia mdai, kwa sababu sasa hakuna mtu wa kueleza kwamba koni ziliwekwa kabisa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa yule anayedai, Sura ya 80, ile sheria ya ushahidi, inasema hivyo, lakini mdai akishaleta picha ya mtaro bila koni na ripoti ya hospitali, ninyi lazima muwe na mtu wa kusimama na kueleza upande wenu. Kama kweli hakumbuki aseme hakumbuki, mara moja, bila kuogopa. Kama anakumbuka aseme.

Nyar_Kano

Foromani mimi nimesimama hapo, wacha nikwambie vile inakuwa ili uwaeleze vijana. Nilikuwa nashika bendera kwa barabara iliyokuwa inawekwa lami, gari likagonga mwanafunzi, nikaitwa upande wa kontrakta.

Kitu cha kwanza ni kungoja. Unaweza kuitwa saa tatu ukaingia saa saba, au kesi isukumwe siku ingine kabisa, mtu anachoka hata kabla ya kuanza, kwa hivyo wakule asubuhi na wasiwe na shughuli ingine siku hiyo. Mkiwa mnangoja, shahidi ambaye hajatoa ushahidi hukaa nje, hasikilizi wenzake. Na huko nje kwa benchi msijadili kesi, watu wa upande ule mwingine wamekaa hapo hapo na wao wana masikio.

Ukiingia unaulizwa dini na unakula kiapo. Alafu wakili wenu anakuuliza jina, kazi, unakaa wapi, na kama hiyo stetimenti ni yako na unataka itumike kama ushahidi wako. Hiyo ni dakika chache na unajisikia vizuri. Kisha anasimama yule mwingine.

Huyo wangu hakupiga kelele. Alikuwa na adabu sana, mzee mmoja na miwani, akaniita "mama" kila swali. Akaniuliza, mama, hapo barabarani ulikuwa umeangalia upande gani? Nikasema upande wa Ahero. Na mtoto alitoka upande gani? Nikasema sijui, nilisikia mlio nikageuka. Kwa hivyo hukuona mtoto akigongwa? Sikuona. Akanyamaza muda mrefu, akaniangalia, na mimi nikasikia ulimi unataka kuendelea, unataka kueleza kwamba wale watoto huvuka ovyo. Wakili wetu alikuwa ameniambia kitu kimoja tu kabla: ukishajibu, funga mdomo, huo ukimya si wako kuujaza. Nikafunga mdomo. Yule mzee akageuza karatasi akaendelea.

Hiyo ndio wafanyie mazoezi. Chukua mtu wasiyemzoea, awaulize maswali mafupi, alafu anyamaze. Usiwape majibu, wafundishe kunyamaza tu. Na wafundishe kusema "sijaelewa swali, naomba urudie", hiyo inaruhusiwa na hakuna anayekasirika. Vijana wetu wanaona aibu kuuliza mbele ya watu wa suti, wanasema ndio kwa kitu hawajasikia vizuri, na ile ndio ikishaandikwa na hakimu imeandikwa.

mhandisi_nax

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni injinia na nimekaa na mawakili kwa kesi kama hizi nikiwa shahidi, nataka kuongeza yale ya kabla ya korti kwa sababu naona hapo ndipo watu wetu hawana mtu wa kuwafundisha.

Kwanza, barabara ni ya nani? Usicheke na hili swali. Kwa ile sheria ya barabara ya 2007 tuna mamlaka tatu, KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani, alafu baada ya Katiba ya 2010 barabara za kaunti ni za kaunti. Ile A8 inayokatiza Nakuru ni ya KeNHA ingawa imezungukwa na mji, ile A1 ya Kisumu kwenda Kakamega vile vile. Mwananchi akianguka hajui hayo, anashtaki aliye karibu. Na hata muda wa kushtaki si mmoja, kesi ya kawaida ya kuumia ni miaka 3, lakini kushtaki zile mamlaka za barabara sheria hiyo hiyo inataka notisi ya mwezi mmoja kwanza na kesi iwe ndani ya miezi 12. Hayo ni ya wakili kuyapima, si ya vijana, lakini wewe foromani mpe wakili karatasi inayoonyesha hiyo barabara iko chini ya nani na nani aliagiza kazi.

Pili ni diari. Shahidi wa barabara hana kumbukumbu nzuri kuliko diari yake. Kesi inaweza kusikilizwa miaka baada ya ajali, na wewe umefukia mitaro mingine mingi katikati, zote zinafanana. Sheria ya ushahidi inamruhusu shahidi kuangalia maandishi aliyoyaandika mwenyewe wakati ule ule au muda mfupi baadaye, ili ajikumbushe akiwa pale pale mbele ya hakimu. Neno la muhimu ni wakati ule ule. Diari iliyoandikwa jioni ya siku ya kazi, na kalamu ile ile, ikiwa na tope kwa kona, ina nguvu kuliko ripoti safi iliyochapishwa wiki 3 baada ya ajali wakati kila mtu ameshajua kuna shida. Na tafadhali msiongeze neno lolote kwa diari ya zamani, hata kama ni la kweli. Wakili akiona wino tofauti kwa mstari mmoja hatauliza tena juu ya shimo, atauliza juu ya huo mstari mpaka jioni.

Mimi huwaambia masupavaisa wangu waandike vitu vya kawaida: saa ya kufika na kuondoka, nani alikuwepo, hali ya hewa, koni na mabango mangapi na yako wapi, mtaro upana na kina gani, tulipoondoka upande gani ulikuwa wazi. Alafu picha mbili kabla ya kuondoka, moja kutoka kila upande dereva anakokuja, kutoka mbali kidogo ndio ionekane vile dereva angeona. Watu wetu hupiga picha ya shimo kwa karibu tu, tena saa sita mchana, na ajali ni ya saa mbili usiku.

Na hapo kwa usiku nataka kusema kitu kutoka moyoni. Koni bila reflekta na matawi bila taa havimsaidii mtu wa boda gizani. Korti inaweza kugawa lawama, kwa mfano ikipatikana kwamba boda haikuwa na taa au ilibeba abiria zaidi ya mmoja, na sheria ya trafiki inaruhusu mmoja tu. Lakini sisi wenye kuchimba ndio tunaojua shimo liko pale. Kama tunajua koni huibiwa kila siku kando ya soko, basi tunahitaji mlinzi au tufukie kabla ya giza, na hilo foromani aliandike kama ombi kwa mkubwa wake, na tarehe. Ombi hilo litamsaidia zaidi siku ya kros kuliko maelezo yoyote.

foromani_kalvati

Asanteni sana, nimesoma yote mara nyingi na nimemsomea kijana wa miwa kwa simu, amepumua.

@mhandisi_nax diari iko, niliandika jioni ile, "koni 6, tepu, matawi pande 2, upande wa kaskazini wazi, tumeondoka 5.20". Ombi la mlinzi nilisema kwa mdomo kwa mkubwa, sikuandika. Nitasema hivyo hivyo nikiulizwa.

Mambo mawili yamebaki. Picha zilipigwa na huyu kijana wa miwa kwa simu yake, alituma kwa grupu ya WhatsApp ya kazi, hizo zinatosha? Na hawa wawili Kiingereza chao ni kidogo, wataaibika. Alafu lile linaloninyima usingizi ni hili, wakiulizwa koni zilikuwa pale saa ya ajali waseme nini? Sisi tunajua tuliziacha. Hatujui ziliondoka saa ngapi.

karani_wa_nyanza

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu kesi yenu yote imelala hapo. Jibu lake ni lile umeandika mwenyewe. "Nilipoondoka saa kumi na moja na dakika ishirini zilikuwepo. Baada ya hapo sikuwa pale, sijui." Kijana asiseme "zilikuwepo" kwa sababu anampenda foromani wake, na asiseme "ziliibiwa" kwa sababu hakuona mwizi. Aseme asubuhi alikuta hazipo. Wakili wenu ndiye atamwomba hakimu aone mapengo yanajazwaje, hiyo ni kazi yake na analipwa. Wakili wa mdai atajaribu kumsukuma, "kwa hivyo unakubali kwamba saa mbili usiku hakukuwa na alama yoyote?" Jibu ni lile lile, sikuwa pale. Atauliza tena kwa namna ingine. Jibu ni lile lile. Pia asikubali kuvutwa kwa mambo ya mwendo wa pikipiki au kama jamaa alikuwa amekunywa, hakumwona.

Na akiulizwa kama mtaro ulikuwa salama, au kama koni 6 zinatosha kisheria, yeye si injinia. "Mimi niliweka pale nilipoambiwa na foromani." Basi. Hilo swali litarudi kwako, foromani, kwa hivyo jiandae wewe. Usiseme kila kitu kilikuwa sawa asilimia mia kama moyoni unajua mlinzi alihitajika. Sema uliomba kwa mdomo, sema kwa nani.

Kuhusu lugha asiaibike mtu yeyote. Korti za mahakimu lugha zake ni Kiingereza au Kiswahili, sheria ya kesi za madai inasema hivyo wazi. Mtu anayejua kazi yake kwa Kiswahili akilazimisha Kiingereza anaanza kukubali maneno asiyoyaelewa. Waambie wakili mapema kwamba watatoa kwa Kiswahili, na kama kuna anayesikia Kiluhya au Dholuo peke yake korti hutafuta mkalimani, lakini isiwe ni habari ya asubuhi ile.

Picha za WhatsApp: ile simu iko wapi? Mwambie asiiuze, asifute kitu, asiiweke upya. Picha ikipita WhatsApp inapunguzwa na ile habari ya ndani ya tarehe na saa inapotea, kwa hivyo ile ya asili iliyo kwa simu ndio mali. Picha za simu na kompyuta zikiletwa kortini huwa zinahitaji cheti chini ya Sura ya 80 kinachoeleza zilipigwaje na zikatolewa kwa kifaa gani, na anayekisaini ni mtu anayehusika na kifaa hicho. Kwa hivyo huyu kijana wa miwa mnayemwona wa mwisho kwa orodha, kumbe ndiye shahidi wenu mkubwa. Mpelekeni kwa wakili wiki hii, na simu yake mkononi.

Nyar_Kano

Na manispaa imlipie nauli tafadhali, huyo hayuko kwa mshahara tena, akifunga kazi ya miwa siku nzima watoto wanakula nini. Kuna watu hawaendi korti si kwa woga, ni nauli.

Kitu kingine, siku hizi kesi zingine husikilizwa kwa video. Wakiambiwa ni kwa link, kila mtu akae chumba chake, wewe foromani usikae kando ya kijana hata kama ni kumshikia simu tu. Hakimu akiona macho yanaenda pembeni kila swali, anauliza nani yuko hapo. Mtafutieni mtu asiyehusika wa kumsaidia na mtandao, na bando iwe ya kutosha.

foromani_kalvati

Nauli nimeshaandikia ofisi barua, kwa maandishi safari hii. Simu iko, kioo kimepasuka lakini inawaka na picha ziko, nimeziona mwenyewe jana: mbili, moja kutoka upande wa soko na moja kutoka upande wa shule, koni zinaonekana. Alhamisi tunaenda kwa wakili wote watatu, kila mtu aingie peke yake asomewe stetimenti yake kwa Kiswahili.

Wabebe nini siku ya korti?

karani_wa_nyanza

Kitambulisho cha asili, si kopi. Ile samansi. Yule wa miwa simu yake na chaja, wewe diari nzima, usirarue ukurasa. Wafike mapema waulize karani wa korti chumba gani, majina ya kesi huwa yamebandikwa ukutani. Wakiongea na hakimu wamwite Mheshimiwa, waongee polepole kwa sababu mara nyingi anaandika kwa mkono. Ukishatoka kwa wakili Alhamisi rudi hapa utuambie kama kuna kitu stetimenti inasema na vijana hawakukiona.